Namna ya kubuni kifaa kimoja cha mkononi cha maji, hewa na sakisheni kwa kazi ya meno

Michoro wanayoniletea vijana hufanana. Ncha imechorwa vizuri kweli, imepinda kama mdomo wa korongo, ina matundu matatu na rangi imetiwa. Nyuma ya mpini kuna mstari mmoja unaoishia hewani. "Hapa hosi zinapitaje?" Kimya. "Na kwenye otoklevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke, kitaingiaje?" Kimya tena. Maswali hayo nimeyajibu karakana, nimeyajibu kwenye simu, na mara moja nimeyajibu ndani ya kivuko cha Msangamkuu, Mtwara, huku nimeshika ndoo ya samaki. Leo nayaandika yote mahali pamoja.

Kwanza tuelewane ni kifaa gani. Kiti cha meno huwa na sirinji ya njia tatu: kitufe kimoja cha maji, kimoja cha hewa, na ukibonyeza vyote viwili yanatoka manyunyu. Pembeni kuna bomba la sakisheni la kunyonya mate, maji na vumbi la jino. Daktari mwenye msaidizi hana shida, maana msaidizi ndiye anayeshika sakisheni. Lakini huku kwetu nimeona zaidi ya mara moja tabibu yuko peke yake: kioo mkono wa kushoto, sirinji mkono wa kulia, na sakisheni kapewa mgonjwa mwenyewe. "Mama, shika hapa. Maji yakijaa, sogeza." Mama wa watu macho ameyafumba, mkono unatetemeka, bomba linanyonya shavu. Tunachotafuta ni kuziweka njia zote tatu kwenye mkono mmoja ili mkono wa pili ubaki na kioo.

Onyo moja kabla ya yote. Mwongozo huu unakufikisha kwenye sampuli ya mezani, iliyojaribiwa kwenye taya la plasta. Haukufikishi kwenye kinywa cha mtu. Kifaa tiba kinasimamiwa na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania), na utafiti wowote kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili. Kwa ngazi ya taifa, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) ndio wanaohusika. Usimwekee shangazi yako mdomoni eti kwa sababu amekubali.

Vitu vya kuwa navyo

- Daktari au tabibu wa meno mmoja aliye tayari kukupa saa moja ya muda wake na kukuambia ukweli.
- Sirinji ya njia tatu iliyokufa, ya kufungua. Hospitali huwa nazo kwenye stoo ya vifaa chakavu. Omba kwa barua, usichukue kwa mlango wa nyuma, na ihakikishwe imetakaswa kabla hujaigusa.
- Venia kalipa (kipimio kinachosoma sehemu za milimita). Rula ya shule haitoshi.
- Kompresa yenye regyuleta mbili (vidhibiti vya presha) na geji zinazosema kweli, pamoja na chujio la maji.
- Chanzo cha sakisheni: pampu halisi ya kiti cha meno, au kwa majaribio tu, vakyumu ya kusafishia gari inayokubali maji.
- Fundi mkerezaji. Kama huna wako, waulize SIDO (shirika la viwanda vidogo) au VETA (vyuo vya ufundi stadi). Mtwara wapo na Lindi wapo.
- Oringi (pete za mpira za kuziba mivujo) za EPDM, aina ya mpira unaovumilia mvuke, springi za stenlesi, mirija ya stenlesi, hosi za silikoni.
- Miwani ya kukinga macho. Hii si pambo.

Printa ya 3D ni nzuri ukiipata, ila usisubiri mpaka uipate.

Hatua

1. Kaa kliniki nusu siku, uangalie mkono.

Usiangalie meno. Hesabu ni mara ngapi tabibu anaweka chini kitu kimoja ili ashike kingine. Angalia kiwiko kiko wapi anapofanya kazi meno ya juu nyuma. Pima kwa futi umbali kutoka kwenye kiti mpaka mdomoni. Hosi zako zitatoka kwenye namba hiyo. Mimi mara nyingi napata kati ya mita 1.5 na 1.8.

2. Anza na hosi.

Ndiyo, kabla ya ncha na kabla ya mpini. Sampuli yangu ya kwanza mpini ulikuwa mwepesi, nikajisifu. Nilipofunga hosi tatu na kuziacha zining'inie, daktari aliishika dakika tano akairudisha mezani. "Fundi, hiki kinanivuta kama mbuzi anayegoma." Alikuwa sahihi. Uzito wa kifaa ni uzito wa mpini pamoja na sehemu ya hosi inayobebwa na kifundo cha mkono.

Chukua hosi halisi: kubwa ya sakisheni na mbili nyembamba. Zifunge pamoja, zining'inize kutoka urefu wa kiti, ncha moja uifunge kwenye kipande cha mti. Shika dakika kumi. Kama mkono unachoka, fanya mambo mawili: hosi ya sakisheni iwe na kiungo kinachozunguka pale inapoingia kwenye mpini, na hosi zote zitoke nyuma kabisa, zisitokee tumboni mwa mpini. Kifaa kikiwa na hosi, kilalie kati ya kidole gumba na cha shahada bila kudondokea nyuma.

3. Chonga umbo kwa mti.

Huku hatuna upungufu wa wachongaji. Nenda kwa mchongaji na mti laini (mpingo mwachie kazi yake, ni mgumu na mzito), mwambie akuchongee mipini mitatu: wa milimita 18, wa 22 na wa 26. Mpe daktari avae glavu, azilowanishe, ashike kimoja kimoja. Wa 26 wengi hawautaki. Wa 18 wanaupenda, lakini hautoshi kubeba njia zako zote, kama utakavyoona sasa hivi. Mimi huangukia 22 au karibu na hapo, na sehemu ya mbele nyembamba kidogo ili ishikwe kama kalamu.

4. Chora mkato wa mpini kama unavyokata muwa.

Duara moja kubwa na mbili ndogo. Hapa ndipo ubishi wote ulipo. Sakisheni ndogo ya mate inaridhika na mrija mwembamba. Ukitaka ile kubwa inayoweza kunyonya manyunyu, mdomo wake uwe na uwazi wa milimita 8 au zaidi, na ipitishe hewa ya lita 250 kwa dakika na kuendelea. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, eneo la kupitisha linabaki robo, kwa hiyo usidanganyike na "milimita chache tu". Njia za hewa na maji zinatosha zikiwa na tundu la milimita 2 mpaka 2.5 kila moja.

Mimi naweka sakisheni chini na njia mbili ndogo juu yake. Vitufe vikae ubavuni, si mgongoni, kwa sababu kwenye meno ya juu kifaa kinageuzwa na kidole lazima bado kivifikie. Vijana wengi hutaka ncha izunguke na njia zote tatu ndani yake. Kwa toleo la kwanza achana nayo. Utatumia miezi sita kuziba mivujo.

Na kuna sheria moja ya sakisheni ambayo siivunji: tundu likielekea nyuma lipanuke au libaki vilevile, lisipungue hata mahali pamoja. Kama mdomo ni milimita 8, mpini uwe 9 au 10, hosi iwe 11. Kipande cha jino kikiingia mdomoni mwa bomba, kiweze kufika kwenye chujio. Ukiweka kingo ndogo tu ndani ya kiungo, hapo ndipo kitakaponasa, pamba itakishika, na mate yatafuata.

5. Tenganisha kinachoingia mdomoni na kisichoingia.

Kila kinachoingia mdomoni kitoke kwa mkono mmoja, bila bisibisi, kiende kwenye otoklevu au kitupwe. Otoklevu ni nyuzi 121 kwa dakika 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3. Andika namba hizo ukutani, halafu chagua malighafi.

PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa, inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Niliwahi kuweka mpini wa PLA kwenye sufuria ya presha nyumbani nikitaka kuona tu. Ulitoka umelala kama muhogo uliochemshwa kupita kiasi, na sufuria ilinunuliwa nyingine. PLA ni ya kuangalia umbo, basi. Polipropilini huvumilia 121. Kwa 134 mara nyingi, kaa kwenye stenlesi, au plastiki za PEEK na PPSU zinazovumilia joto. Brasi inafaa mwili ikipakwa kromu. Alumini tupu itaota madoa kwa sabuni kali.

Mpini nao, hata kama hauingii mdomoni, unaguswa na glavu yenye mate. Uwe laini, usio na mitaro wala nembo iliyochimbwa. Najua unataka jina lako lionekane. Liweke kwenye boksi.

6. Funga ncha kwa kufuli, si kwa msuguano peke yake.

Hesabu ndogo: hewa ya bar 3 ikisukuma shina la ncha lenye kipenyo cha milimita 6 inatoa nguvu ya karibu kilo moja. Oringi iliyolainishwa haiwezi kuishikilia siku zote, na ncha ikiruka, inaruka kuelekea kooni. Weka nati ya mkono au kishikizo kinacholia "ta!" kikifunga. Mtumiaji asikie.

Ndani ya ncha, maji yapite kwenye mrija wa katikati na hewa iuzunguke. Maji yakitoka yanapasuliwa na hewa, ndiyo manyunyu. Mdomo wa sakisheni uwe nyuma ya tundu hilo. Kwenye mfano wangu wa pili niliuweka milimita 5 nyuma. Sakisheni ilimeza manyunyu kabla hayajagusa jino. Kwenye milimita 15 maji yalifika, yakaosha, kisha yakanyonywa. Toboa pia matundu mawili madogo ubavuni mwa mdomo wa sakisheni, ili ukigusa ulimi au shavu hewa ipate pa kupita na nyama isinaswe.

7. Tengeneza vali zinazojifunga zenyewe.

Kila vali ni shina dogo, oringi na springi. Ukibonyeza, shina linaiacha oringi na njia inafunguka. Ukiachia, springi inalirudisha. Panga ili presha yenyewe isaidie kufunga, isisaidie kufungua. Springi ikikatika siku moja, kifaa kifunge.

Oringi yenye unene wa milimita 1.8 inayotembea, iachie nafasi ya 1.6 hivi, isiyotembea, 1.4. Ukiibana sana kitufe kitakuwa kigumu, ukiilegeza itavuja. Kupima ugumu, bonyeza kitufe juu ya mzani wa jikoni. Kati ya gramu 400 na 600 mikono mingi inaridhika. Zaidi ya hapo, daktari ataanza kukunja vidole saa nane mchana.

Oringi za duka la spea za magari mara nyingi ni za mpira wa kuvumilia mafuta, na mvuke wa otoklevu unaziua. EPDM inapenda mvuke lakini inachukia mafuta, kwa hiyo ilainishe kwa grisi ya silikoni, na kompresa yako isiwe inatapika oili. Oringi ya silikoni nayo usiipake grisi ya silikoni: itavimba.

Halafu springi. Usitoe ya kalamu. Kwa hewa hii yetu ya chumvi, wiki ya tatu kitufe kilikwama nusu, nikafungua nikakuta unga mwekundu. Stenlesi tu.

Kwa sakisheni, mimi naweka kidirisha cha kuteleza kwa kidole gumba. Wengine hutoboa tundu ubavuni ambalo kidole kikiliziba, nguvu inaongezeka. Ni rahisi na halikwami, ila linapiga mluzi na kidole kinakaa kwenye njia ya uchafu.

8. Jaribu kwa maji kabla ya hewa.

Jaza maji njia za hewa na maji, ziba ncha, panda polepole mpaka mara moja na nusu ya presha ya kazi. Maji hayabanwi, kwa hiyo kitu kikipasuka kinavuja tu. Hewa ikipasua plastiki, vipande vinaruka. Vaa miwani hata kwa maji.

Ikishika, weka hewa bar 3 na maji bar 2 mpaka 2.5. Zamisha kifaa kwenye beseni, uangalie mapovu. Presha ya hewa iwe juu kidogo ya ile ya maji, na kila njia iwe na vali ya kuzuia kurudi nyuma.

9. Fanya majaribio manne haya, kwa mpangilio huu.

*Kioo.* Puliza hewa peke yake kwenye kioo kikavu kwa sekunde kumi. Tone hata moja likionekana, umeshindwa. Jino linalowekewa dawa ya kujaza ya rangi ya meno lazima liwe kavu, na hewa yenye unyevu inaharibu kazi bila mtu kujua.

*Mfuko.* Chukua mfuko wa taka wa lita 50, ujaze hewa bila kuukaza, ufunge kwa tepu kwenye mdomo wa sakisheni, ziba matundu ya ubavuni, washa. Ukisinyaa wote ndani ya sekunde 12, una lita 250 kwa dakika. Ni kipimo cha karakana, lakini kinaumbua uongo mwingi.

*Taya.* Tengeneza taya la plasta, lipake rangi ya mafuta lisinywe maji, au omba la mbuzi buchani. Maji yatie rangi ya chakula. Laza karatasi nyeupe kulizunguka, nyunyiza na kunyonya kwa dakika moja. Madoa kwenye karatasi ndiyo yangekuwa kwenye shati la mgonjwa na uso wa daktari.

*Vidole.* Bonyeza mara elfu kumi. Mpwa wangu alifanya hivyo akiangalia mpira, bonyezo moja kwa sekunde, mechi mbili. Kwa kliniki ya wagonjwa 15 kwa siku, mabonyezo 30 kila mmoja, hiyo ni kama mwezi wa kazi. Ikivuja kabla ya mwezi, rudi hatua ya 7.

10. Andika namna ya kukisafisha, kisha mpe mtu asiyekijua.

Karatasi moja, kwa Kiswahili. Baada ya kila mgonjwa, maji na hewa vitolewe kwa sekunde 20 mpaka 30 ili kilichorudi ndani kitoke. Ncha itolewe. Sakisheni inyonyeshwe maji safi. Mkabidhi muuguzi kifaa na karatasi, wewe ukae kimya. Kila mahali atakapouliza, kifaa ndicho chenye kosa.

Na kwenye karatasi hiyo, maandishi makubwa, weka mambo mawili. La kwanza: hewa isipulizwe kwenye kidonda wala shimo la jino lililong'olewa, kwa sababu inaweza kuingia chini ya ngozi na uso kuvimba. La pili: mgonjwa asifunge midomo kuzunguka bomba la sakisheni, maana majimaji yaliyomo kwenye bomba yanaweza kumrudia.

Kikisumbua

*Hewa inatoka na maji.* Kwanza mwaga tenki la kompresa. Kwa unyevu wa pwani hujaa maji upesi, fanya hivyo kila siku. Kama tenki ni kavu, tatizo ni oringi ndogo ya ncha. Badilisha hiyo kabla hujafungua chochote kingine.

*Maji yanadondoka ukiachia kitufe.* Mchanga au magadi kwenye kiti cha vali, yaani pale oringi inapokalia. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Tumia maji yaliyochujwa au yaliyokenekwa kwenye chupa ya maji ya kiti cha meno. Ukisafisha na bado yanadondoka, oringi imekatwa na ukingo mkali wa shina. Lainisha ukingo, si oringi tu.

*Manyunyu ni matone makubwa.* Presha ya maji imezidi ya hewa, au mrija wa katikati umekwenda upande. Uangalie kwa mbele kwenye mwanga: nafasi ya hewa iwe sawa pande zote.

*Sakisheni ni dhaifu.* Itoe hosi kwenye kifaa, uzibe kwa kiganja. Ikivuta vizuri, kizuizi kimo ndani ya mpini wako. Isipovuta, nenda kwenye chujio. Vipande vya amalgamu (dawa ya kujaza jino ya rangi ya fedha) utakavyovikuta humo vina zebaki. Viwekwe kwenye chupa yenye kifuniko, visimwagwe kwenye sinki.

*Inapiga mluzi.* Ukingo wa kidirisha cha sakisheni ni mkali. Uviringishe kwa msasa laini.

*Kitufe kinarudi polepole asubuhi, mchana kinakwenda sawa.* Hiki kilinisumbua wiki nzima. Grisi ilikuwa nyingi, ikaganda na vumbi la glavu. Futa yote, paka kiasi cha kichwa cha kiberiti, na uandike tarehe kwenye mchoro.